Mji Unaojulikana kwa Kipimo Chake

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu mbele ya wakazi waliokutana kujadili utambulisho wa mji wa Kongwa na huduma zake. Tunaichapisha ili wale ambao hawakuwahi kufika nao waisome na kuijadili katika vitongoji vyao.



Nimepewa heshima ya kuzungumza juu ya utambulisho wa mji wetu. Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiri juu ya sanamu ya kusimamishwa njia panda, kibao cha kumkaribisha mgeni pale Mbande, au ngoma ya kuchezwa anapofika kiongozi. Hayo yana mahali pake, nami siyabezi. Lakini mji mdogo wa wakulima haujulikani kwa kibao. Hujulikana kwa yale ambayo mgeni huyasimulia akirudi kwao: kwamba pale niliuza mahindi yangu nikapata haki yangu, au pale niliibiwa mchana kweupe huku watu wakicheka. Kibao hupakwa rangi kwa siku moja, ilhali sifa ya namna hiyo hujengwa kwa miaka mingi na huweza kubomolewa kwa msimu mmoja wa mavuno.

Kwa hiyo naomba tuutazame mji wetu kwa swali moja tu: sisi ni watu wa kipimo gani? Nimelichagua neno kipimo kwa makusudi, kwa sababu historia ya Kongwa, tangu siku jina lake lilipoanza kuandikwa katika vitabu vya mbali, imekuwa historia ya kupima na kutopima.

Ndugu wananchi, ziko nchi ambako jina la Kongwa hutajwa hadi leo kama mfano wa kushindwa. Mwanafunzi wa uchumi au wa kilimo aliye Uingereza, ambaye hajawahi kukanyaga udongo huu, huenda akasoma jina letu katika sura inayoeleza jinsi mpango mkubwa unavyoweza kuanguka. Ni vema watoto wetu waijue habari hiyo kutoka kwetu kabla ya kuisikia kwa wengine.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ulitumwa ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, uje kutazama kama karanga zingeweza kulimwa kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Ujumbe huo ulitumia muda wa wiki tisa hivi, na sehemu kubwa ya nchi uliitazama kutoka katika ndege. Kisha ukapendekeza mashamba 107, kila moja lenye ekari 30,000. Yaani zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25. Kazi ilianza mwaka 1947, na mahali pa kwanza palikuwa hapa Kongwa.

Wazee waliokuwapo wamekwisha kuondoka karibu wote, lakini waliyoyaona yamebaki katika masimulizi. Yaliletwa matingatinga na matrekta yaliyokuwa masalio ya vita, na baadaye hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Yakakutana na vichaka vya Ugogo, ambavyo mizizi yake huzama chini na kusokotana kama kamba. Yakakutana na mibuyu, na nyuki waliokaa ndani ya mibuyu. Yakakutana na udongo ambao wakati wa masika ni laini na wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama tofali, hata karanga zilizokomaa zikashindikana kuchimbuliwa; na ndani ya udongo huo kulikuwa na changarawe kali iliyokula majembe ya chuma. Katika mwaka wa kwanza walikusudia kusafisha ekari 150,000. Zilizopandwa hazikuzidi sana ekari 7,500. Na mvua haikuwasikiliza. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule, baada ya pauni zaidi ya milioni 36 kupotea.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kana kwamba nchi yetu ndiyo iliyoshindwa. Kana kwamba udongo wa Kongwa una laana, na karanga haziwezi kuota hapa. Hilo si kweli, na kila mama aliyeketi hapa anajua kwamba si kweli. Karanga zilikuwa zikilimwa Ugogo kabla ya tingatinga la kwanza kushushwa, na zinalimwa hata leo kwa jembe la mkono. Twazitia katika mlenda, twazikaanga kwa ajili ya wageni, twaziuza ili tununue madaftari ya shule. Karanga hazikushindwa. Kilichoshindwa ni mpango wa watu ambao hawakupima mvua ya kutosha, hawakupima udongo, wala hawakumuuliza mwenyeji ambaye alikuwa amevipima vyote viwili kwa maisha yake yote. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwaka 1946 kutouliza kuligharimu mamilioni.

Maana watu wa nchi hii walikuwa na vipimo vyao. Walijua kwamba mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwamba huweza kunyesha vizuri mwezi wa kwanza halafu ikatoweka mwezi wa pili, wakati mmea unapoihitaji zaidi. Kwa hiyo walipanda uwele na mtama, mazao yanayovumilia ukame. Hawakuweka shamba lote mahali pamoja. Walilima kidogo bondeni na kidogo juu, ili mwaka wa mvua nyingi na mwaka wa mvua haba usiwakute mikono mitupu. Ng'ombe wao waliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili maradhi au ukame usiwamalize wote zizini mwa mtu mmoja. Nafaka waliihifadhi katika vilindo vya magome ya miti. Huo ulikuwa ni ujuzi wa kupima hatari, ingawa haukuandikwa kwa wino.

Nao ujuzi huo ulizaliwa kwa machungu. Wagogo wanaikumbuka njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Njaa ile haikuletwa na mbingu peke yake. Majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia yalipopita hapa, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, yalichukua nafaka, yalichukua mifugo, na yalichukua wanaume wenye nguvu wakawe wapagazi. Mvua ilipokosekana, ghala lilikuwa tupu na mkono wa kulima haukuwapo. Watu wengi walikufa, na wengi walihama. Tangu hapo, katika miji mingine, jina la Ugogo limezoea kutajwa pamoja na njaa na kuomba. Sisi tunautaniwa utani huo na tunacheka, kwa kuwa utani ni undugu. Lakini mtoto anayeusikia kila siku bila kuambiwa habari ya Mtunya anaweza kuamini kwamba uhaba ni tabia ya kwao. Ni wajibu wetu kumweleza kwamba njaa ile ilikuwa na sababu, na kwamba baadhi ya sababu hizo zilivaa sare na kubeba bunduki.

Ndugu wananchi, mpango wa karanga ulipokufa, uliacha vitu nyuma: barabara, majengo, na njia ya reli iliyotoka Msagali. Sehemu ya ardhi iliyosafishwa ikageuzwa kuwa malisho, na hapo ndipo palipochipua ufugaji wa kisasa ambao hadi leo unaonekana katika Ranchi ya Taifa ya Kongwa na katika utafiti wa malisho. Watu wa hapa hawakuketi wakilia juu ya mabaki ya wengine. Waliyachukua wakayapa kazi.

Na kazi iliyo kubwa kuliko zote ilikuja katika miaka ya 1960. Nchi yetu ilipopata uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliwafungulia mlango wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaiweka Kamati yake ya Ukombozi Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1964, hapa Kongwa, katika eneo lililoachwa na mpango wa karanga, zikawekwa kambi za wapiganaji. Walikuja FRELIMO wa Msumbiji, akiwamo Samora Machel ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo. Walikuja ANC wa Afrika Kusini. Walikuja SWAPO wa Namibia, na kutoka hapa liliondoka kundi lao la kwanza la wapiganaji walioelekea nyumbani kuanzisha mapambano ya silaha, yaliyofunguliwa Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966. Walikuja pia watu wa Angola na wa Zimbabwe.

Fikirini jambo hili. Mji mdogo wa wakulima, wenye mvua haba na jina lililochekwa Ulaya, ukawa mahali ambapo nchi kadhaa zilijifunza kusimama. Wakazi wa hapa waliishi na wageni wale, wakauziana nao kuku na mboga, wakacheza nao mpira, wakaoleana nao, wakawazika waliofariki. Msumbiji ilipopata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975, Namibia tarehe 21 Machi 1990, na Afrika Kusini ilipopiga kura yake ya kwanza ya watu wote tarehe 27 Aprili 1994, sehemu ya furaha ile ilikuwa yetu, ijapokuwa hakuna aliyeleta bendera kuipeperusha hapa.

Je, tumeitunza habari hiyo? Hapa sina budi kusema wazi. Mwaka hadi mwaka mzee mmoja aliyeiona kambi kwa macho yake anaondoka, naye anaondoka na majina, na sura, na mahali pa makaburi, na nyimbo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kumbukumbu ni mali. Nchi yetu ina Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, nayo ni jambo jema. Lakini mtaalamu atakayetoka Dar es Salaam au Dodoma atakuja kwa siku chache, kama ule ujumbe wa mwaka 1946 ulivyokuja kwa wiki chache, na hatajua amwulize nani ikiwa sisi wenyewe hatujaandika. Tusingoje kupimwa na wageni kwa mara ya pili.

Sasa nije kwenye siku zetu. Leo mtu akisema anakwenda wilaya ya Kongwa kwa biashara, mara nyingi anakusudia Kibaigwa, kwa ndugu zetu wa barabara kuu. Tangu soko la kimataifa la nafaka lilipoanza kazi pale mwaka 2004, mahindi ya Kongwa, ya Kiteto, ya Gairo na ya kwingineko yamekuwa yakikutana hapo na wanunuzi wa Dar es Salaam na wa nchi jirani. Malori hujipanga. Wapagazi hubeba. Akina mama huchekecha na kupepeta tangu alfajiri. Vijana ambao wangekimbilia jijini wamepata riziki karibu na nyumbani. Hilo ndilo jina jipya la wilaya yetu, nalo limejengwa na wakulima wadogo.

Lakini jina hilo liko hatarini, na hatari yenyewe tunaijua kwa jina. Ni lumbesa.

Naomba tuhesabu pamoja, polepole, kama tulivyokuwa tukihesabu darasani. Mkulima ana magunia 20 ya mahindi. Bei imetajwa kwa gunia la kilo 100. Lakini gunia limeshindiliwa, likaongezewa kichwa, likashonwa kwa kamba juu, na ndani yake zimo kilo 120. Katika kila gunia ametoa kilo 20 bila malipo. Katika magunia 20 ametoa kilo 400. Hayo ni magunia manne kamili, yaani moja ya tano juu ya kile alicholipwa. Mkulima huyu hakuvamiwa njiani na mnyang'anyi. Amesimama pale pale, akishika kingo za gunia ili lijazwe vizuri.

Na lumbesa haikai sokoni tu. Iko shambani, kwa mnunuzi anayekuja na debe lililopanuliwa ubavuni. Iko mlangoni mwetu, kwa jirani anayekopesha debe moja wakati wa njaa na kudai mawili wakati wa mavuno. Iko pia kwa mkulima anayetia mawe na mahindi mabovu katikati ya gunia zima. Haifai kumlaumu mfanyabiashara peke yake. Kipimo kikipotoshwa, kila mtu hujifunza kukipotosha kwa upande wake, na mwisho hakuna anayemwamini mwenziwe. Soko lisiloaminika hukimbiwa. Malori yana magurudumu. Yakisikia kwingine kuna haki, yatakwenda kwingine.

Sheria haikukaa kimya. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao yauzwe kwa uzito uliopimwa kwa mizani halali, na Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kuihakiki mizani hiyo na kuibandika stika. Kila mmoja wetu ana haki ya kuuliza iko wapi stika ya mwaka huu. Kuuliza hivyo si ugomvi, wala si utovu wa adabu kwa mgeni. Mwalimu hupewa heshima ingawa mwanafunzi huomba kuoneshwa jinsi alama zilivyojumlishwa. Najua jibu linalotolewa kila mara: kwamba mnunuzi akikataa kilo atahama, na mkulima mwenye shida ya ada ya shule hawezi kungoja. Ni kweli kwa mkulima mmoja aliye peke yake. Mtu mmoja akikataa lumbesa, hubaki na gunia lake. Kata nzima ikikataa, mnunuzi hubaki na lori lake tupu, na lori tupu lina gharama kubwa kuliko gunia lililongoja siku mbili.

Kungoja huko, hata hivyo, kunahitaji mahali pa kuhifadhi. Mkulima anayeuza mwezi wa sita kwa sababu hana ghala hununua mahindi yale yale mwezi wa kwanza kwa bei ya juu. Hapo ndipo Mtunya hurudi kwa njia ya kimya: nafaka imeondoka, na mwenye shamba ana njaa. Wazee wetu walikuwa na vilindo. Sisi tuna mifuko isiyopitisha hewa, tuna maghala ya vikundi, na tunayo Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 inayomwezesha mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa hati ya kuthibitisha mali yake. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini akiba iliyowekwa na unyevu huoza, tena huua. Mwaka 2016 ndugu zetu wa mkoa huu wa Dodoma na wa Manyara walipoteza maisha kwa sumukuvu iliyokuwa katika nafaka waliyoila. Mahindi na karanga zisizokaushwa vema, au zilizorundikwa juu ya ardhi tupu, huota kuvu inayotoa sumu hiyo, na kupika hakuiondoi. Turubai la kuanikia na chaga ya kuinulia magunia ni vitu vidogo, lakini vinastahili kuhesabiwa miongoni mwa mambo yanayolinda uhai.

Kipimo cha tatu ni cha ardhi. Serikali iliamua mwaka 1973 kuifanya Dodoma makao makuu. Tangu mwaka 2016 uamuzi huo umetekelezwa kwa kasi, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Jiji linapokua, macho yake huanza kutazama vijijini. Watu wenye fedha watakuja, na wengine wamekwisha kuja, wakitaka ekari. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuwezi kuwa watu waliowapokea wapiganaji wa Namibia halafu tukamfukuza Mtanzania mwenzetu. Lakini ardhi inayouzwa kwa kunyoosha kidole, kuanzia mbuyu ule hadi korongo lile, ni lumbesa iliyo kubwa kuliko zote, kwa sababu gunia hujazwa tena mwakani na ardhi haijazwi. Kwa walio katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hatimiliki ya kimila. Sheria hiyo hiyo inasema haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Basi baba asiuze shamba usiku, mama na watoto wakaja kusikia habari hiyo mbele ya tingatinga.

Huenda mtu akauliza: hayo yote yanahusuje utambulisho? Je, sisi si Wagogo, tuliorithi zeze na marimba, mlenda na uwele, na nyumba za tembe? Ndiyo, na natamani watoto wetu wavijue vyote hivyo. Nchi hii ni ya Wagogo tangu kale, na lugha yao ndiyo iliyovipa vilima na mito majina yake. Lakini tutazameni tulivyoketi leo. Tuko pamoja na Wakaguru, Wanguu, Wamasai, Wahehe, Warangi. Wako waliofuata soko, waliofuata malisho, waliokuja kwa kazi ya ualimu na uganga wakaoa hapa wakazaa hapa. Tukisema mtu wa Kongwa ni yule tu ambaye babu yake alizaliwa hapa, tutawaacha nje watu wengi wanaolipa ushuru, wanaochimba msingi wa zahanati na kuzika maiti pamoja nasi. Na tukisema mtu wa Kongwa ni yeyote tu apitaye, neno hilo litakuwa halina maana. Mimi napendekeza hivi: mtu wa Kongwa ni yule anayekubali kupima na kupimwa kwa kipimo kile kile. Awe mwenyeji au mgeni, tajiri au maskini, akisimama mbele ya mizani yetu kilo ni kilo. Zeze hupigwa vizuri zaidi katika nyumba ambayo hakuna aliyedhulumiwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Diwani na Ndugu Mtendaji, naomba mapendekezo manne yaandikwe katika muhtasari wa leo na kupelekwa Halmashauri.

Kwanza, pawepo mizani ya umma, iliyohakikiwa, katika kila kituo cha kuuzia mazao katika kata, na jina la mtu anayeisimamia litangazwe. Mkulima apime mazao yake kabla ya kukutana na mnunuzi, ili aingie katika mazungumzo akijua anacho nini.

Pili, kila shule ya msingi iwe na kipimamvua. Ni chombo cha gharama ndogo. Wanafunzi wasome kiasi cha mvua kila asubuhi wakati wa msimu, wakiandike katika daftari, na jumla ya kila mwezi ibandikwe katika ubao wa matangazo wa kata. Katika miaka kumi tutakuwa na rekodi yetu wenyewe, ya shamba kwa shamba, ambayo ule ujumbe wa mwaka 1946 haukuwa nayo. Afisa ugani ataitumia kushauri mbegu, na mtoto atajua kwamba sayansi haikuanzia mbali.

Tatu, Halmashauri isaidie kupima mipaka ya ardhi kabla wanunuzi hawajaongezeka, na majina ya mke na mume yaandikwe pamoja panapostahili.

Nne, kuwe na daftari la kumbukumbu katika ofisi ya kata. Wanafunzi wa sekondari wapewe kazi ya kuwahoji wazee juu ya mpango wa karanga, juu ya kambi za wapiganaji, juu ya majina ya mahali na maana zake. Makaburi na mabaki ya kambi yawekewe alama na kuzungushiwa uzio, hata kama ni wa miti tu kwa kuanzia. Kazi hii haingojei bajeti kubwa. Inangojea kalamu, na inamngojea kijana mwenye subira ya kusikiliza.

Ninajua Halmashauri haina fedha za kufanya yote kwa mwaka mmoja. Ndiyo maana nawageukia pia wananchi. Sheria imetuwekea mikutano ya hadhara, na mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Wengi wetu huenda mkutanoni kunapokuwa na mgawo wa chakula, na hukosekana mapato na matumizi yanaposomwa. Mkutano wa mapato na matumizi nao ni mizani: upande mmoja umewekwa ushuru tuliotoa, upande wa pili umewekwa maji, zahanati, madawati na choo cha soko. Asiyekwenda kuitazama mizani asilalamike kwamba gunia lake ni jepesi.

Vijana wangu, neno la mwisho nawaambia ninyi. Wengi wenu mtaondoka, na si dhambi kuondoka. Mkifika huko mtaulizwa mnatoka wapi, na mkitaja Kongwa mtu fulani huenda akatabasamu akikumbuka habari ya karanga. Msione haya. Mwambieni kwamba waliotoka mbali walikuja bila kupima wakashindwa, na kwamba wenyeji walibaki, wakalima, wakafuga, wakawapokea waliokuwa wakitafuta uhuru, na wakajenga soko la nafaka. Lakini ili maneno hayo yawe kweli midomoni mwenu, sisi tunaobaki tuna kazi ya kufanya kabla ya mavuno yajayo. Mvua ikishapita na mahindi yakikauka, malori yatakuja tena. Yatakapokuja, yaikute mizani imekwisha kusimamishwa, na nyuma yake wamesimama watu wanaojua kuisoma.

Ndugu Mwenyekiti, naomba wajumbe wayajadili mapendekezo haya manne leo hii hii, kabla hatujatawanyika.